Mume wangu anakoroma, kisha ananyamaza kabisa: je, ni uchovu wa safari?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mume wangu ana miaka 47 na ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Amekuwa akikoroma tangu tulipooana, lakini mwaka huu hali imebadilika. Anakoroma kwa nguvu, ghafla ananyamaza, tumbo linapanda na kushuka lakini pumzi haitoki, kisha anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote, kichwa kinamuuma, na mchana anasinzia hata mbele ya chakula. Mama mkwe anasema ni jinamizi, mwenyewe anasema ni uchovu, na utingo wake amenieleza kwa siri kwamba mara mbili amemwamsha akiwa kwenye usukani. Je, huu ni ugonjwa? Unapimwaje, na akikutwa nao ndio mwisho wa kazi yake? Mtoto wetu wa miaka 6 naye anakoroma, je, amerithi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nitajibu yote uliyouliza, lakini hili la usukani halingoji zamu yake. Dereva ambaye utingo amelazimika kumwamsha mara mbili lori likiwa barabarani hapaswi kuendesha tena mpaka apimwe na usingizi wa mchana udhibitiwe. Najua neno hili ni zito kwa nyumba inayoishi kwa safari hizo. Ninalitanguliza kwa sababu mengine yote, yaani vipimo, mashine na kupunguza uzito, yanaweza kwenda taratibu, ilhali mteremko wa Kitonga hausubiri mtu azinduke.

Hali uliyoieleza ina jina. Kitabibu huitwa apnea ya usingizini, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Nyuma ya ulimi na kimio, njia ya hewa ni mrija wa nyama tupu usio na mfupa wa kuushikilia, na unapokuwa macho ni misuli inayoufanya ubaki wazi. Usingizi ukiingia misuli hiyo hulegea. Kwa mtu mwenye shingo nene, taya dogo, ulimi mkubwa au mafindofindo yaliyovimba, mrija uliolegea hubaki mwembamba, na hewa inayopenya kwa shida huzitikisa nyama hizo: huko ndiko kukoroma. Ukizidi kulegea, kuta zake hukutana na hewa haipiti kabisa. Kifua na tumbo huendelea kuvuta bila kupata kitu, oksijeni katika damu hushuka, na baada ya sekunde kadhaa ubongo huamka kidogo tu, kiasi cha kukaza misuli ya koo. Njia hufunguka kwa kishindo, mtu huhema kwa nguvu, kisha hurudi usingizini bila kujua kwamba aliamka.

Hilo la kutojua ndilo linalotofautisha hali hii na jinamizi, na nakuomba umweleze mama mkwe kwa upole, kwa kuwa naye anasema kwa uchungu wa mwanawe. Mtu aliyekabwa na jinamizi huwa macho: anasikia, anaiona dari, anataka kuinua mkono na mkono haunyanyuki, na kukicha atasimulia kila kitu kwa hofu. Mwenye apnea hana cha kusimulia. Ndiyo maana mumeo anaweza kuapa kwamba amelala vizuri akawa hasemi uongo hata kidogo. Waswahili husema mtu kalala usingizi wa pono, na wengi wetu tukimsikia anayekoroma tunamwonea wivu tukidhani ndio huo. Usingizi unaokatizwa mara kwa mara haufiki kwenye kina cha pono. Ni mang'amung'amu ya usiku kucha, ingawa mwenyewe hayahisi.

Kwa hiyo shahidi ni wewe. Katika ugonjwa huu macho na masikio ya mwenzi wa kitandani ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho kinachomfikisha mgonjwa kwa daktari. Nilijifunza hili kwa mwalimu mmoja niliyekuwa nikimtibu presha. Alikuwa akimeza dawa za aina tatu, anazimeza kwa nidhamu, na presha haishuki. Nilibadilisha dawa, nilimpunguzia chumvi, nilimpima figo, na kwa miezi kadhaa sikumuuliza hata mara moja analalaje. Siku moja alikuja na mkewe, naye akauliza akiwa ameshika mlango, tayari kutoka: "Na huku kunyamaza kwake usiku, daktari, hakuhusiani?" Kulihusiana. Kila pumzi inapokatika mwili hushtuka, mishipa hukaza na presha hupanda, na baada ya muda haishuki hata mchana. Presha inayokataa dawa nyingi ni sababu tosha ya kuuliza habari za usingizi, na tangu siku ile sijaacha kuuliza.

Nikuombe basi ufanye kazi ya shahidi kwa utaratibu. Mumeo akiwa nyumbani, kwa kibali chake, mrekodi kwa simu, video na si sauti peke yake, kwa dakika kumi au kumi na tano, kifua na tumbo vikionekana. Usirekodi saa nne usiku tu anapoanza kulala. Usingizi wa ndoto, ambao ndani yake misuli hulegea kuliko wakati wowote, huwa mwingi kuelekea alfajiri, kwa hiyo amka pia saa kumi umrekodi. Hesabu sekunde za ukimya, kwani pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio. Tazama pia kama tumbo linahangaika wakati wa ukimya. Likihangaika, njia ya hewa imeziba. Likitulia kabisa kama la mtu aliyesahau kupumua, huenda tatizo linatoka kwenye ubongo au moyo, na matibabu yake ni tofauti. Wewe umeandika kwamba linapanda na kushuka, na sentensi hiyo moja imenisaidia sana. Andika kama anaamka kwenda haja ndogo mara nyingi, kwa maana wengine hudhaniwa wana kisukari au tatizo la tezi dume kumbe chanzo kiko kooni. Kisha chukua futi ya fundi cherehani umpime shingo. Shingo inayozidi sentimita 40 ni mojawapo ya alama katika dodoso la maswali 8 lililotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008. Mengine huuliza kuhusu kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana pumzi ikikatika, presha, uzito, umri unaozidi miaka 50 na kuwa mwanamume. Mwenye alama 5 na zaidi yumo katika hatari kubwa. Dodoso hilo halithibitishi ugonjwa, bali humwambia daktari nani asicheleweshwe.

Kwa kusinzia lipo dodoso lingine, la Epworth, lililotungwa Australia mwaka 1991. Linauliza uwezekano wa kusinzia katika mambo 8 ya kawaida, kama vile kutazama televisheni, kukaa kimya baada ya chakula cha mchana au kuwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla inayozidi 10 si ya kawaida. Hapa lazima nikutahadharishe. Dereva anayeogopa kupoteza kazi hujipa alama ndogo, nami simlaumu, kwa sababu anafikiria ada za watoto. Ninachofanya ni kumpa mkewe karatasi ya pili aijaze peke yake, kisha tunaziweka karatasi mbili pamoja mezani.

Uthibitisho wenyewe hupatikana kwa kumpima mtu akiwa amelala. Kipimo kamili hufanyika usiku mzima hospitalini, ambako hubandikwa vinasio kichwani, pembeni mwa macho, kidevuni na miguuni, hufungwa mikanda kifuani na tumboni, huwekewa mrija mdogo puani na kipima oksijeni kidoleni. Kwa mtu kama mumeo, mwenye dalili zilizo wazi na asiye na ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani mara nyingi hutosha. Huduma hizi zipo katika hospitali chache za miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo pigeni simu kwanza, ulizeni bei na kama bima yenu inalipia, msije mkafunga safari bure. Anzieni kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa masikio, pua na koo. Kile kidude cha kubana kidoleni kilichozoeleka wakati wa UVIKO-19 kinaweza kuonyesha oksijeni ikishuka usiku, na kushuka chini ya asilimia 90 mara kwa mara ni jambo la kumweleza daktari. Hata hivyo, kikionyesha namba nzuri mchana akiwa macho hakijasema chochote kuhusu usiku.

Majibu yatakuja kwa namba moja kuu: wastani wa mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua sana katika saa moja ya usingizi. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi 14 ni apnea nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Mtu wa 30 anayelala saa 7 amekatika pumzi mara 210 kabla ya adhana ya alfajiri. Mara nyingi humwonyesha mgonjwa mchoro wenyewe, mstari wa oksijeni ukishuka na kupanda kama meno ya msumeno, na nimewaona wanaume waliokuja kwa kulazimishwa na wake zao wakikaa kimya mbele ya karatasi ile kwa dakika nzima.

Je, tiba ipo? Ipo, na inafanya kazi. Hadi miaka ya 1970 mgonjwa mahututi alitobolewa shingo ili apumulie chini ya sehemu iliyoziba. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha habari za mashine inayosukuma hewa ya kawaida kupitia puani, kwa mgandamizo mdogo unaotosha kuzizuia kuta za koo zisikutane. Hospitalini utasikia ikiitwa CPAP. Watu wengi hudhani ni mashine ya oksijeni, na sivyo: ni hewa ile ile ya chumbani, inayofanya kazi ya nguzo ndani ya koo. Kwa apnea ya wastani na kali ndiyo tiba ya kwanza, na wengi huona tofauti ndani ya siku chache. Kichwa hakiumi asubuhi, safari za chooni hupungua, na mke analala.

Sitaki kukuficha kwamba wiki mbili za kwanza ni ngumu. Barakoa humfanya mtu ajihisi amezibwa, pua hukauka, hewa huvuja na kumpuliza machoni. Avae kwanza jioni akiwa ameketi akitazama taarifa ya habari, mashine ikiwa imewashwa, mpaka uso uizoee. Asipake mafuta ya mgando usoni kabla ya kuivaa, kwa sababu huharibu silikoni na kuifanya iteleze. Ioshwe kila siku kwa sabuni laini. Chombo cha unyevunyevu kinataka maji yaliyotoneshwa ambayo hayana chumvichumvi. Yakikosekana, tumieni maji ya kunywa ya chupa yaliyochemshwa yakapoa, mkiyabadilisha kila siku, na kamwe si maji ya kisima. Naandika pia kwa ajili ya mumeo kama dereva: maji ya betri ya gari yasiingie humo, hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Chandarua hakizuii kitu. Mashine hukaa kwenye stuli nje ya chandarua, mrija hupitishwa chini ya pindo lake, na pindo huchomekwa tena chini ya godoro. Umeme ukikatika atapumua kama zamani, hatakosa hewa, ila barakoa ivuliwe. Mwenye betri ya akiba azime kipasha unyevunyevu, kwa kuwa hicho ndicho kinachokula umeme mwingi. Zipo pia mashine zenye kigeuzi cha kutumia betri ya gari, ya volti 12 au 24, na kwa mtu anayelala ndani ya kabini njiani, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua.

Aitumie usingizi wote, hata ule wa mchana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 2,700 ambao tayari walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo au ya ubongo, ulikuta kwamba mashine iliwapunguzia kusinzia na kuwaongezea furaha, lakini haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa hiyo simwahidi mgonjwa kwamba mashine itamkinga na kiharusi. Ninachomwahidi ni kwamba nusu usiku si dozi, na kwamba faida ya kubaki macho barabarani imethibitika.

Asiyeweza kabisa mashine, au mwenye apnea nyepesi, anaweza kutengenezewa na daktari wa meno kifaa cha kuvaa mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele. Kulala ubavu badala ya chali huwasaidia baadhi sana. Uzito una nafasi kubwa kwa wanene: utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba mtu akipunguza asilimia 10 ya uzito wake, ile namba kuu hupungua kwa takriban asilimia 26. Kwa mwenye kilo 100 hizo ni kilo 10, na zinaanzia kwenye chipsi mayai na soda za vituo vya malori. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa wanene wenye apnea ya wastani au kali, ila ni ghali, nami singeanzia hapo. Pombe ya jioni aiache, maana hulegeza koo lile lile tunalotaka likae wazi. Vivyo hivyo dawa za usingizi, na zile za mafua zinazoleta usingizi asizimeze bila ushauri. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wengi huvikimbilia, humfumbua mtu macho kwa saa chache huku deni la usingizi likikua. Na akihitaji upasuaji wowote, amwambie mapema daktari wa nusukaputi kwamba ana hali hii.

Kuhusu mtoto, umbo la uso na taya hurithiwa, lakini katika umri huo kisa cha kawaida ni nyama za pua na mafindofindo makubwa. Mtoto wa namna hii mara nyingi hasinzii mchana. Anakuwa mtundu kupita kiasi, hatulii darasani, na walimu humwadhibu. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa wengi wao kuondoa nyama hizo ndiyo tiba.

Nimebaki na kazi ya mumeo, ambayo nadhani ndiyo iliyokunyima usingizi kuliko kukoroma kwenyewe. Utambuzi si mwisho wa kazi. Nchini Uingereza, kwa mfano, dereva wa lori mwenye apnea inayomsinzisha hutakiwa kusimama mpaka dalili zidhibitiwe, kisha hurejea barabarani akiendelea na tiba na ukaguzi. Nimewaona madereva wakirudi kazini wakiwa makini kuliko walivyokuwa kwa miaka mingi. Anachoweza kufanya shemeji sasa ni kuomba likizo ya ugonjwa, au kazi ya yadi kwa wiki chache, akiwa na barua ya daktari mkononi. Zungumza naye mchana, akiwa ameshiba na watoto hawapo, na umwonyeshe video kabla ya kumwambia neno lolote kuhusu ajali. Mtu hujitetea dhidi ya maneno ya mkewe, lakini akijiona mwenyewe akihangaika kutafuta pumzi hatahitaji kushawishiwa sana.

Siku mtakayokwenda kliniki chukueni video hizo, kipimo cha shingo, namba za presha kama mnazo na dawa zote anazomeza, pamoja na zile za dukani. Muombeni na utingo aje, mkimhakikishia kwamba hatakuwa anamchongea mtu. Wewe umeyaona ya kitandani. Ya barabarani ameyaona yeye, na daktari atahitaji kuyasikia yote mawili.